Mizani Iwe Moja Afrika Mashariki Nzima

Juma hili twataka kusema na wanachama wetu juu ya jambo ambalo wengi hulidhani ni la wenye malori na mabwana wa Wizara ya Ujenzi peke yao. Jambo lenyewe ni uzito wa mizigo inayopita katika barabara zetu, sheria zinazoupima uzito huo, na vibali vinavyotolewa ili sheria hizo zipitwe. Mkulima wa Mbozi asiye na hata baiskeli lamhusu. Mama auzaye chumvi sokoni Kigoma lamhusu. Hata mtoto atakayezaliwa mwakani lamhusu, maana deni la barabara litamkuta.

Wazee wetu walikuwa na msemo, mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Msemo huo ni wa njia ya misafara, toka Bagamoyo mpaka Tabora na Ujiji, katika karne ya 19, wakati bidhaa za bara zilipopita juu ya mabega ya watu. Lakini hata Mnyamwezi alikuwa na kipimo chake. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa baina ya ratili 60 na 70, yaani karibu frasila mbili, na kipimo hicho kilijulikana pwani na kilijulikana Ujiji. Mwenye msafara aliyezidisha aliamka asubuhi akakuta mizigo ipo chini na wapagazi wametoroka. Jambo lililowasumbua wasafiri siku zile ni hongo. Kila mtawala wa njiani alidai hongo yake ya nguo, ushanga na waya kabla ya kuuruhusu msafara upite, na kila mmoja alijiwekea kiwango chake. Leo neno hilo hilo, hongo, maana yake ni rushwa. Na si ajabu.

Siku hizi mabega ni ya chuma. Mizigo ya Zambia, Malawi, Kongo, Rwanda, Burundi na Uganda yashuka katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa, na sehemu kubwa yaendelea kwa malori. Njia moja yapanda Morogoro, Iringa na Mbeya mpaka Tunduma. Nyingine yapita Dodoma, Singida na Kahama mpaka Rusumo na Kabanga. Nyingine yatoka Mombasa, yapita Nairobi mpaka Malaba na Busia. Ukarimu wa njia hizi ndio unaowapa jirani zetu wasio na bahari mafuta, mbolea, saruji na dawa. Njia zikifa, mtu wa Bujumbura hulala bila mafuta, na mtu wa Dar es Salaam hukosa kazi bandarini. Basi nani ajuaye namna barabara inavyokufa?

Jibu la swali hili lilipatikana kwa majaribio, si kwa kubuni. Mwaka 1958 mpaka 1960 Wamarekani walijenga barabara za majaribio karibu na mji wa Ottawa, katika jimbo la Illinois. Wakawaweka askari waendeshe malori ya uzito mbalimbali, wakizunguka usiku na mchana, mpaka ekseli zilizopita zikazidi milioni moja. Ekseli ndicho chuma kinachoshika magurudumu ya kulia na ya kushoto. Wahandisi walipopiga hesabu waliona kwamba madhara hayaongezeki sawa na uzito. Ukiuzidisha uzito wa ekseli mara mbili, madhara kwa barabara hayawi mara mbili. Huwa kama mara 16. Ni mbili mara mbili, mara mbili, mara mbili.

Tuichukue hesabu hiyo polepole, kwa kuwa ndiyo msingi wa maneno yetu yote. Sheria ikisema ekseli moja yenye matairi pacha ibebe tani 10, na tajiri akapakia tani 12, yeye hudhani amezidisha kidogo tu, sehemu moja katika tano. Barabara yaona mengine. Kwa hesabu ile ya Illinois, ekseli ya tani 12 huumiza barabara zaidi ya mara mbili ya ekseli ya tani 10. Akizidisha asilimia 10 tu, madhara hupanda kwa asilimia 46. Akizidisha asilimia 5 tu, hupanda kwa karibu asilimia 22. Na ekseli moja ya tani 10 huumiza barabara kiasi cha ekseli 160,000 za motokaa ndogo yenye nusu tani kila ekseli. Kwa hiyo mtu asituambie kuwa barabara zimeharibiwa na wingi wa magari. Wachache walio wazito kupita kiasi ndio huzivunja, na wengi walio wepesi ndio hulipia.

Maana hulipiwa. Nchini Tanzania, katika kila lita ya petroli na dizeli imo tozo inayokwenda katika Mfuko wa Barabara. Anailipa mwenye pikipiki na mwenye daladala. Anailipa na abiria wake bila kujua, na mkulima anayesaga mahindi kwa mashine ya dizeli. Lori lililojaza kupita kiasi laongeza mafuta kidogo, kwa hiyo laongeza tozo kidogo, lakini madhara yake ni yale tuliyoyahesabu. Faida yaingia mfuko wa mtu mmoja, hasara yaingia mfuko wa wote. Huo ni unyonyaji, hata kama anayeufanya ni mwananchi mwenzetu na lori lake limepakwa rangi za bendera.

Wakulima wanaujua vizuri unyonyaji wa namna hii. Wanauita lumbesa. Mnunuzi huja na gunia, akalijaza, akaliongezea kilemba cha kamba juu, kisha akalipa bei ya gunia moja. Serikali imekataza lumbesa, na wakulima wameshangilia. Lori lililozidisha ni lumbesa juu ya magurudumu, na anayepunjwa ni taifa zima.

Sasa tuje kwenye sheria. Kwa miaka mingi sheria ya Kenya ililiruhusu lori zito kabisa kuwa na tani 48, juu ya ekseli sita. Sheria ya Tanzania iliruhusu tani 56, juu ya ekseli saba. Msomaji achukue kalamu agawanye. Arobaini na nane kwa sita ni nane. Hamsini na sita kwa saba ni nane. Kwa wastani kila ekseli ilibeba tani nane huku, na kila ekseli ilibeba tani nane kule. Lami ya Kenya na lami ya Tanzania ilikanyagwa kwa uzito ule ule! Kweli, madaraja huangalia uzito wa gari zima, na hapo wahandisi wana haki ya kuuliza. Lakini kwa barabara yenyewe tofauti ile haikulinda kitu.

Ilichofanya ni kuwatenga watu. Lori lililopakia tani 56 Dar es Salaam kwa halali kabisa, likifika Namanga lilikuwa limezidisha tani 8. Tani 8 ni mifuko 160 ya saruji. Mwenye lori alikuwa na njia tatu. Ashushe mifuko 160 mpakani na kukodi gari la pili. Au apakie pungufu tangu mwanzo na kupandisha bei kwa mnunuzi. Au atafute mtu wa kuzungumza naye pembeni. Hata adhabu hazikufanana. Upande mmoja kosa lilikwenda mahakamani kama jinai. Upande wa pili lilitozwa ada pale pale kwenye mizani. Wafanyabiashara wakubwa waliokuwa na makarani na mawakili waliyamudu hayo. Mwenye lori moja, aliyelinunua kwa mkopo, hakuyamudu.

Tumezoea kusema kwamba mipaka yetu ilichorwa na wakoloni, na ni kweli. Lakini tofauti ile ya tani 8 hatuwezi kuwasingizia. Tuliiandika wenyewe, katika mabunge yetu wenyewe, miaka mingi baada ya kujitawala. Mkoloni alituachia mstari kwenye ramani. Sisi tukaujengea mizani mbili.

Yafaa kusema pia kwamba kazi njema imefanyika. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa sahihi mwaka 1999. Mwaka 2013 Bunge la Afrika Mashariki, lenye makao yake Arusha, lilipitisha sheria moja ya kudhibiti uzito wa magari kwa nchi zote wanachama. Viwango vyake vinaeleweka: lori zito kabisa tani 56, ekseli ya usukani tani 8, ekseli moja yenye matairi pacha tani 10, ekseli mbili za pamoja tani 18, ekseli tatu za pamoja tani 24. Lakini wakuu wote wa nchi walimaliza kuikubali mwaka 2016, na Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019. Wahesabu wanachama wetu wenyewe: toka mkataba mpaka mizani, miaka 20! Na sheria ilipopitishwa Jumuiya ilikuwa na nchi tano. Leo ni nane, kwa kuwa Sudan Kusini iliingia mwaka 2016, Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Nao wageni hawa wa juzi hawana budi kuletwa katika mizani hiyo hiyo mapema, tusije tukangoja miaka 20 mingine.

Asidhani mtu kuwa jambo hili ni udhaifu wa Waafrika. Marekani ni nchi moja, yenye bendera moja na fedha moja, na ililemewa na jambo hili hili. Mwaka 1974 serikali yao kuu iliruhusu malori yafike ratili 80,000, ambazo ni kiasi cha tani 36, katika barabara kuu za nchi, lakini haikuyalazimisha majimbo. Majimbo ya Illinois, Missouri na Arkansas, yaliyo jirani katika bonde la mto Mississippi, yakashikilia kiwango cha zamani cha ratili 73,280. Lori lililokuwa halali mashariki na halali magharibi likawa haramu katikati. Watu wakayaita majimbo yale ukuta. Ukuta ule ulisimama mpaka mwaka 1982, Bunge lao lilipotunga sheria ya kulazimisha kiwango kimoja katika barabara kuu. Na mpaka leo mwenye kubeba mzigo uliozidi huko hutafuta kibali cha kila jimbo analopita, na kila jimbo lina masharti yake. Ikiwa walio chini ya serikali moja walihitaji kulazimishwa, sisi tulio nchi nane twahitaji bidii zaidi. Twaweza kujifunza kwao bila ya kurudia makosa yao.

Hapo ndipo lilipo suala la vibali. Kuna mzigo usiogawanyika. Transfoma ya kituo cha umeme haikatwi vipande viwili kama muwa. Mtambo wa bwawa la umeme, chuma cha daraja, mashine ya mgodi, hivi huja kama vilivyo. Kwa mizigo ya namna hiyo kibali maalumu ni cha haki, pamoja na gari lenye ekseli nyingi za kuugawa uzito, msafara wa polisi, na mhandisi wa kuyakagua madaraja kabla. Taifa linalojenga haliwezi kuikataa mizigo hii. Lakini saruji yagawanyika. Sukari yagawanyika. Mbao, nondo, mafuta na makaa ya mawe vyagawanyika. Mtu akiomba kibali cha kuzidisha mifuko ya saruji, haombi ruhusa ya kufanya kazi. Aomba ruhusa ya kula barabara ya watu. Afisa anayempa kibali hicho ameuza kitu ambacho si chake.

Na kibali kina ndugu yake, nao ni msamaha. Mizani yoyote ya chuma yaweza kukosea kidogo, na mzigo waweza kusogea gari lipandapo mlima Kitonga. Kwa ajili hiyo sheria za namna hii huacha nafasi ndogo ya asilimia chache. Tanzania iliacha asilimia 5. Nini kikatokea? Wapo waliopakia makusudi mpaka kwenye asilimia ile ya mwisho, kana kwamba msamaha ni haki ya kupakia. Oktoba 2013 Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, John Magufuli, aliufuta msamaha ule. Wenye malori wakayasimamisha magari yao, mizigo ikakwama, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaisimamisha amri ile. Hatuwafufulii watu ugomvi wa zamani. Twataka tu wasomaji wakumbuke hesabu: asilimia 5 ya uzito ni karibu asilimia 22 ya madhara. Kilichogombewa siku zile kilionekana kidogo kwa macho, lakini kwa barabara hakikuwa kidogo.

Wenye malori wana hoja zao, na chama cha wananchi hakina budi kuzisikiliza. Wanasema mizani mbili hutoa namba mbili: gari limepita salama mizani moja, likafika nyingine likaambiwa limezidi, ilhali halikuongeza hata kilo. Wanasema mzigo husogea, na mvua huulowesha mchanga na makaa ya mawe ukawa mzito njiani. Wanasema gari hupimwa na kupimwa tena, na kila kipimo ni foleni, na foleni ni fedha. Hoja hizi zina ukweli. Dawa yake ni kuzisahihisha mizani, kuzikagua mara kwa mara, na kukiheshimu cheti cha mizani ya kwanza ikiwa gari limefungwa lakiri na halikufunguliwa. Kuzidisha mzigo si dawa ya mizani mbovu. Mtu ambaye kibaba cha duka kimempunja hapati haki kwa kumpunja jirani yake.

Na tuseme neno juu ya madereva, ambao wengi wao ni wasomaji wetu. Dereva hapakii lori. Aupakiaye ni tajiri ghalani, akiwa amekaa kitini. Dereva hukabidhiwa funguo na kuambiwa, "Nenda, utajua mwenyewe mbele." Breki zikimshinda mteremkoni, ni yeye anayekufa, yeye na utingo wake, pamoja na watu wa basi linalopanda. Gari likishikwa, ni yeye anayelala chini ya tela siku tatu bila posho. Mtu akidaiwa kitu kidogo usiku kwenye mizani, ni yeye, na fedha hizo hazina stakabadhi ya kumwonyesha tajiri. Sheria inayomkamata dereva na kumwacha mwenye mali haijamkamata mkosaji.

Kwa hiyo twasema haya, nasi twataka yasemwe katika matawi yote.

Kwanza, sheria ya Afrika Mashariki itumike kwa viwango vile vile katika nchi zote nane, na cheti cha mizani cha nchi moja kiheshimiwe na nyingine. Lori lililopimwa Vigwaza lisiwe mgeni Mariakani, wala lililopimwa Gilgil lisiwe mshukiwa Makuyuni.

Pili, kibali cha kuzidi uzito kitolewe kwa mzigo usiogawanyika tu. Kiwe kimoja kwa safari nzima, toka bandarini mpaka uwekwapo mzigo, na jina la mwenye mzigo, uzito wake na njia yake vitangazwe hadharani. Kinachofichwa kina sababu ya kufichwa.

Tatu, adhabu ya kuzidisha imwangukie mwenye mzigo na mwenye gari, nayo ipimwe kwa madhara yaliyofanyika. Faini iliyo ndogo kuliko faida si faini, ni nauli.

Nne, watumishi wa mizani walipwe vizuri na wasimamiwe vikali. Namba ya mizani isomwe na dereva kwa macho yake, na karatasi atolewe pale pale. Hongo ya misafara tuliisoma katika historia. Hatutaki kuikuta Tunduma.

Tano, mzigo mzito wa safari ndefu urudishwe relini. Tunayo TAZARA, tunayo Reli ya Kati, na reli mpya za kisasa zimejengwa kutoka Mombasa na kutoka Dar es Salaam. Kila tani iliyo juu ya reli ni tani ambayo lami haikuibeba.

Wapo watakaouliza: chama kina kazi gani na ekseli na tani? Twawajibu kwamba umoja wa Afrika Mashariki haukai katika hotuba za wakuu peke yake. Watu wa kawaida huuona umoja mpakani, kwenye foleni, katika bei ya saruji na ya sukari. Mkulima akisikia nchi nane zimeungana, kisha mfuko wake wa mbolea ukapanda bei kwa sababu lori limesimama mpakani kupunguziwa mzigo, ataamini bei na hataamini hotuba. Naye atakuwa na haki.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyufa za barabara kuu zaonekana kila masika, na gharama ya kujenga upya ni kubwa kuliko gharama ya kulinda. Wanachama wanaokaa karibu na mizani wafungue macho. Wenye maduka waulize mizigo yao ilipakiwaje. Wajumbe wetu katika Bunge la Arusha na katika mabunge ya nchi waulizwe, kwa heshima lakini bila kuchoka, ni lini mizani moja itakuwa moja kweli. Katibu wa kila tawi alitie swali hili katika ajenda ya mkutano ujao, na jibu atakalolipata alilete kwetu tulichapishe.